Somo: Namna ya kubuni grili ya umeme inayokunjwa, ya kupikia ndani

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya fundi mwenye ujuzi wa kawaida wa vyuma na umeme, anayetaka kutengeneza grili ya kuchomea nyama, samaki au gonja (ndizi za kuchoma) ndani ya chumba, kisha aikunje na kuisukuma chini ya kitanda. Katika vyumba vya kupanga vya Bwaise na Kireka, mitaa ya Kampala na viunga vyake, sigiri ya makaa huingizwa ndani mvua inaponyesha, na wapo waliolipa kwa uhai wao, kwa sababu monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu ya kumwamsha aliyelala. Elementi ya umeme haitoi gesi hiyo. Hata hivyo, moshi wa mafuta yanayoungua bado upo, na dirisha bado linahitajika.

Grili isiyokunjwa ni kazi rahisi ambayo mafundi wengi wa Katwe wanaweza kuimaliza bila mchoro. Inayokunjwa ni jambo jingine, kwa sababu ugumu wake wote umekusanyika kwenye bawaba: hapo ndipo waya unapojikunja, bamba linapotanuka na mafuta yanapotafuta pa kupenya. Kwa hiyo kila kipimo kitakachofuata kimepangwa kwa kuitazama bawaba.

Hatua ya 1: Ukubwa na nguvu

Chukua mabamba mawili ya alumini yenye unene wa milimita 5, kila moja likiwa na urefu wa milimita 240 na upana wa milimita 180. Yakifunguliwa yanatoa uwanja wa milimita 360 kwa 240, unaotosha kulisha familia ndogo, na yakikunjwa uso kwa uso yanabaki na nusu ya eneo hilo. Yote mawili yana uzito wa takriban kilo 1.2. Chuma cha kusubu hutunza joto vizuri zaidi, lakini kwa vipimo hivyo hivyo kingezidi kilo 3 kabla hujaongeza fremu, na kifaa cha kubebwa hakistahili mzigo huo.

Umeme wetu wa Uganda ni volti 240, hezi 50. Weka elementi moja ya wati 750 chini ya kila bamba, jumla wati 1500, ambazo huvuta mkondo wa ampea 6.25. Plagi yetu ya pini tatu inaruhusu hadi ampea 13, kwa hiyo tia ndani yake fyuzi ya ampea 10. Nunua elementi za bomba, yaani waya wa nikromu uliozungukwa na unga wa oksidi ya magnesiamu ndani ya bomba la chuma cha pua. Waya wa nikromu ulio wazi, kama ule wa majiko ya koili ya bei ya chini, usiuweke karibu na mafuta yanayodondoka, hata kama muuzaji atakuapia.

Kila elementi iwe na ukinzani wa karibu omu 77. Kwa swichi ya ngazi tatu utapata joto la aina tatu: elementi zikiunganishwa sambamba, wati 1500, elementi ya upande usiosogea wakati wa kukunja ikiwaka peke yake, wati 750, na zikiunganishwa mfululizo, wati 375, ambazo hazichomi chochote lakini huweka chakula kikiwa na joto wageni wanapochelewa.

Hatua ya 2: Bawaba

Hapa usifanye haraka. Bawaba ya mlango ikiwekwa katikati ya mabamba mawili itajaa mafuta baada ya mapishi machache, na waya utakaopita juu yake utapinda mahali pamoja kila siku mpaka nyuzi zake za shaba zikatike moja baada ya nyingine. Waya uliobakiza nyuzi chache hupata moto sana mahali hapo, na kwa nje hauonyeshi dalili yoyote.

Badala yake, tengeneza fremu ya chuma cha pua yenye mikono miwili inayotokeza nje ya mabamba, mmoja kila mwisho, na uweke egemeo la mzunguko kwenye mikono hiyo. Kwa kuwa mabamba yanakunjwa uso kwa uso, mhimili wa mzunguko lazima ulingane na usawa wa juu wa kingo zake. Ukiwa chini ya hapo, kingo zitagongana kabla grili haijafunga. Pini ya upande mmoja iwe ya kawaida. Ya upande wa pili iwe bomba lenye uwazi wa ndani wa milimita 10, na waya zote za bamba linalosogea zipite ndani ya bomba hilo. Grili inapofunguliwa na kufungwa, waya hausokotwi mahali pamoja, bali msokoto wake wa nusu duara unagawanyika katika urefu wote ulioachwa huru. Acha sentimita 10 au zaidi za urefu huo. Lainisha midomo ya bomba kwa msasa hadi kucha yako isikwame, kisha vika waya ala ya nyuzi za kioo.

Waya zinazopita hapo ni tatu: mbili za elementi na moja ya ardhi. Tumia waya wa silikoni wenye nyuzi nyembamba nyingi, milimita mraba 1, unaovumilia nyuzi joto 180; waya wa kawaida wa plastiki umetengenezwa kwa takriban nyuzi 70. Waya wa ardhi usiachwe kwa hoja kwamba chuma kimegusana na chuma kupitia bawaba. Bawaba huingia kutu na mafuta, na siku elementi itakapovuja ndipo bamba linalosogea litakapokuwa halina ardhi.

Ongeza swichi ndogo ya usalama ya ampea 15 kwenye upande usiosogea, inayokata umeme mara tu grili inapoanza kukunjwa. Grili iliyofungwa ikiwa inawaka haina pa kutolea joto lake.

Hatua ya 3: Kuacha nafasi ya kutanuka

Alumini ikipanda kutoka joto la chumba hadi nyuzi 210, bamba la milimita 240 hurefuka kwa takriban milimita 1, ilhali fremu iliyo baridi zaidi haifiki hata theluthi ya hapo. Ukikaza skrubu zote nne, bamba litajipinda kama kofia na mayai yatakimbilia pembeni. Kaza skrubu moja tu. Nyingine tatu zipite kwenye matundu marefu, kila moja ikiwa na washa na springi ndogo. Kati ya mabamba mawili acha upenyo wa milimita 3.

Hatua ya 4: Njia ya mafuta

Inua ukingo wa milimita 6 kwenye upande wa bawaba wa kila bamba, kisha upe uso wote mteremko wa nyuzi 3 kuelekea nje. Mafuta yatateremka hadi kwenye trei mbili nyembamba zinazochomolewa. Tia maji kidogo kwenye trei: yakiwa bado yamo, mafuta yaliyodondokea humo hayawezi kupata joto la kutoa moshi. Sehemu kubwa ya moshi wa grili za ndani hutoka kwa mafuta yaliyodondokea elementi, wala si kwa nyama yenyewe.

Hatua ya 5: Udhibiti wa joto

Thamostati, yaani kifaa kinachowasha na kuzima elementi kulingana na joto, ifungwe kwenye bamba lisilosogea na isipite nyuzi 210. Nyama huanza kupata rangi na harufu ya kuchomwa kuanzia takriban nyuzi 140, kwa hiyo kiwango hicho kinatosha. Kila bamba liwe na fyuzi yake ya joto ya nyuzi 240, mbali kidogo na elementi, ili thamostati ikigoma mzunguko ukatike.

Miguu, vishikio na kifuniko cha chini havihitaji maelezo marefu. Acha sentimita 6 za hewa chini ya grili, weka karatasi ya alumini inayong'aa chini ya elementi, na vishikio viwe vya mti wa mvule.

Hatua ya 6: Majaribio kabla ya kupika

Pima ukinzani kati ya pini ya ardhi ya plagi na kila bamba huku mwenzako akifungua na kufunga grili. Kipimo kikirukaruka, kuna waya usioshika. Kati ya sehemu ya ardhi kwenye kifaa chenyewe, bila kebo, na kila bamba, ukinzani usizidi omu 0.1. Kisha tumia megeri ya volti 500, yaani kifaa cha kupima kama umeme unavuja, kupima kati ya waya za umeme na mwili wa grili. Chini ya megaomu 1, usiichomeke. Mwasho wa kwanza ufanyike nje kwa nusu saa, ili mafuta ya kiwandani yaungulie huko.

Maswali ya wasomaji

Busia: Mwalimu, kwetu jioni umeme hushuka hadi volti 200. Je, nikichagua elementi yenye ukinzani mdogo, nitapata wati zangu 1500?

Jibu: Ndugu, kwa volti 200 grili hii itatoa takriban wati 1040, na nyama itachelewa kidogo. Elementi ya kutoa wati 1500 kwa volti 200 itatoa wati 2160 umeme utakaporudi kwenye volti 240 usiku wa manane, na mkondo utafika ampea 9, karibu kabisa na kikomo cha fyuzi ya ampea 10. Afadhali kuchelewa kula.

Entebbe: Grili yangu ilikaa sandukuni msimu mzima wa mvua. Sasa nikiichomeka, kile kifaa cha kukata umeme unaovuja kinazima nyumba nzima. Elementi imekufa?

Jibu: Huenda haijafa. Oksidi ya magnesiamu hunyonya unyevu wa hewa kupitia ncha za elementi, na penye unyevu umeme hupata pa kuvujia. Ichomoe, ikaushe kwa saa kadhaa karibu na chanzo cha joto la wastani, kisha uipime tena kwa megeri. Kipimo kikipanda, iwashe kwanza kwa wati 375. Kisipopanda, badilisha elementi, na usithubutu kukata waya wa ardhi ili nyumba isizime. Najua kuna mafundi wanaofanya hivyo.

Mbale: Mwalimu, chumba ninachopikia ndicho ninacholelea vifaranga. Je, nipake mabamba tefloni yasishike chakula?

Jibu: Dada, usipake. Tefloni huanza kuharibika inapopita takriban nyuzi 260, na moshi wake huua ndege haraka kuliko unavyomdhuru binadamu. Thamostati yetu inaishia 210, lakini usalama wa vifaranga wako usitegemee kifaa kimoja kinachoweza kugoma. Paka mabamba mafuta ya kula kabla ya kuwasha, na hamishia vifaranga chumba kingine wakati wa kupika, kwa kuwa hata moshi wa kawaida unawasumbua.

Masaka: Inakula uniti ngapi za Yaka, ule umeme wa kulipia kabla?

Jibu: Ikiwaka mfululizo kwa wati 1500, uniti moja huisha kwa dakika 40. Lakini kwa kuwa thamostati hukata na kurudisha, utapata zaidi ya hapo. Kumbuka pia kwamba mtumiaji wa nyumbani hutozwa bei nafuu ya kupikia kwa uniti za 81 hadi 150 za mwezi, kwa hiyo mwenye kupikia umeme mara kwa mara ndiye anayefaidika na bei hiyo.

Mubende: Nina betri ya sola ya volti 12, saa-ampea 100. Inafaa?

Jibu: Haifai. Wati 1500 kwa volti 12 ni ampea 125, bila kuhesabu kinachopotea kwenye inveta. Betri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu, na nusu hiyo ingekupa dakika 24 kwa hesabu ya karatasi tu. Kwa vitendo ni pungufu.

Mbarara: Nataka kutengeneza kadhaa za kuuza. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia ofisi ya UNBS, yaani shirika la viwango la taifa la Uganda, kabla ya kununua mabamba. Waulize juu ya viwango vya usalama vya vifaa vya umeme vya nyumbani. Kimataifa, katika viwango vya IEC (tume ya kimataifa ya umeme), IEC 60335-1 ndiyo ya jumla na IEC 60335-2-9 ndiyo inayohusu grili na vifaa vinavyofanana nazo. Utatakiwa kuonyesha mchoro na matokeo ya vipimo, kwa hiyo andika namba za Hatua ya 6 kwa kila grili unayomaliza, pamoja na namba yake ya mfululizo iliyogongwa kwenye fremu.