Injini ya trekta ya zamani imejam? Usikimbilie nyundo

Kwanza hakikisha kweli ni injini ndo imejam. Weka gia fri, alafu toa stata uicheki, maana meno yake yakinasa kwenye fulaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) injini haizunguki ng'o, na kuna watu washafungua silinda hedi bure kwa ajili hiyo.

Kama ni injini yenyewe, mara nyingi maji yameingia kupitia egzosi, ringi za pistoni zikashikana na silinda kwa kutu. Fungua nozeli zote, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda (ya petroli fungua plagi), mimina kwenye kila silinda mchanganyiko wa oili ya gia boksi otomatiki na asitoni, nusu kwa nusu. Tikisa kopo kila ukimimina sababu hivi vitu vinajitenga, na moto uwe mbali, sigara pia.

Sasa subiri. Wiki, hata mbili, unaongezea ikipungua. Hapa ndo wengi wanashindwa.

Baadae weka spana ndefu kwenye bolti ya puli ya krenki (shafti kuu ya injini), mbele kidogo, nyuma kidogo, bila hasira maana bolti itakatika. Ikicheza hata milimita moja umeshinda, endelea hivyo hivyo mpaka imalize mzunguko. Kuivuta na trekta ingine ikiwa kwenye gia sishauri kabisa, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) inaweza kupinda.

Ikizunguka usiwashe kwanza, izungushe nozeli zikiwa nje ili uchafu wote utoke (simama pembeni, unaruka kwa kasi!), mwaga oili uweke mpya na filta mpya, ndo urudishe nozeli.