Kadre ya Mashindano ya Uholanzi: Itambue Kabla ya Kuikwangua

Katika lundo la kinga, yaani baiskeli, za mitumba Lubumbashi, kadre (fremu) ya chuma ya mashindano kutoka Uholanzi ni rahisi kupitwa. Rangi imepauka, gido (usukani) ni la kinga nyingine, magurudumu hayapo. Asiyeijua huipeleka kwa fundi wa mashine ya diski ili ing'ae, kisha kwa mchomeleaji wa umeme ili ufa uzibwe. Kazi hizo mbili huiua. Mabomba yake ni manene kwenye ncha tu. Katikati ukuta hubaki mm 0.6, pengine 0.5, yaani mwembamba kuliko kadi ya benki. Diski hula chuma chenyewe, na moto wa umeme hutoboa au huacha chuma kikavu kitakachopasuka kando ya mshono.

Kwa hiyo usiondoe hata punje ya rangi kabla ya kujua umeshika nini.

Inakueleza nini

Ipime uzito bila uma, ule mguu wa mbele unaoshika gurudumu. Kadre nzuri ya saizi ya kati hukaribia kilo 2. Ya chuma cha kawaida hufika kilo 2.7 na kuzidi. Kisha toa kibomba cha kiti na upime upana wa ndani wa bomba la wima, karibu sm 3 chini ya mpasuo, kwa kalipa, mara mbili kwa njia ya msalaba. Ukipata mm 27.2, ukuta wa bomba ni mwembamba na kadre ni ya daraja la juu. 27.0 na 26.8 bado ni nzuri. Ikiwa 26 au chini, ukuta ni mnene na chuma ni cha kawaida. Usiamini kibomba ulichokikuta ndani: wengi hulazimisha kilicho chembamba na kubana hadi masikio ya bolti yagusane, na hapo ndipo nyufa huanzia.

Stika ya mabomba isome yote, usiishie kwenye namba. Ya Reynolds 531, chuma cha mabomba cha Uingereza, yenye maneno "tubes, forks & stays" inamaanisha kadre nzima na uma ni vya chuma hicho. Ikitaja mabomba ya kadre tu, basi nyuma na uma ni vya chuma kingine. Na kwa kuwa stika hubandikwa na yeyote, tafuta ushahidi ndani ya chuma. Chomoa uma, umulike ndani ya shina lake kutoka chini. Ukiona matuta matano yanayozunguka kama ndani ya mtutu wa bunduki, hilo ni shina la Columbus kutoka Italia. Hakuna stika inayoweza kughushi hayo.

Gazelle, kampuni ya Dieren iliyoanza mwaka 1892, ndiyo itakayokufikia mara nyingi. Kadre zake za mashindano ziliitwa Champion Mondial. Tangu 1971 Gazelle ilikuwa chini ya Tube Investments ya Uingereza, kampuni iliyomiliki pia Reynolds, hivyo Reynolds 531 kwenye Gazelle ya miaka ya 1970 ni jambo la kutarajiwa. Batavus ni ya Heerenveen. RIH ni ya Amsterdam, tangu 1921, na waendesha baiskeli wengi wa uwanjani walizipenda. Koga-Miyata ni jina la Uholanzi, lakini kadre zilitengenezwa Japani na Miyata, na rakori zake, yaani vile vipande vinavyoshika ncha za mabomba, huwa safi kupindukia. Rangi nyekundu, nyeusi na njano za Raleigh zinakumbusha timu ya Uholanzi ya TI-Raleigh, ambayo Joop Zoetemelk alishinda nayo Tour de France mwaka 1980. Lakini Raleigh iliuza kadre nyingi za bei nafuu kwa rangi zizo hizo, kwa hiyo hapo rangi haithibitishi lolote.

Namba ya kadre itafute chini ya pedalie, yaani bomba fupi la chini linalopitisha ekseli ya pedali, kwenye rakori ya kiti na kwenye masikio ya nyuma yanayoshika gurudumu. Isafishe kwa brashi ya mswaki na mafuta ya taa, upige picha kwa mwanga wa pembeni. Usiikwangue.

Umri unaonekana kwenye nyaya. Nyaya za gia zikipita juu ya pedalie na vishikizo vyake vyote vikiwa vya kufungwa kwa mkanda wa chuma, fikiria miaka ya 1970 au kabla. Zikipita chini ya pedalie na vishikizo vikiwa vimeungwa kwenye bomba, ni miaka ya 1980. Pima pia nafasi kati ya masikio ya nyuma: mm 120 ni ya gia tano, 126 ya gia sita au saba, 130 ilikuja baadaye.

Kadre isiyo na hesi kwenye pedalie, bali vikombe vya gololi vilivyogongwa ndani ya shimo la karibu mm 40, ni mfumo wa Thompson. Hiyo ni kinga ya matembezi, hata ikiwa na gido la kupinda. Itumie kwa furaha, ila usilipie bei ya mashindano.

Angalia majeraha

Pitisha kidole chini ya bomba la juu na la chini, sm 3 hadi 8 nyuma ya bomba la kichwa, lile linalopitisha shina la uma. Kinga iliyogonga kitu uso kwa uso huacha hapo tuta dogo ambalo jicho hulikosa lakini kidole hulihisi. Rangi iliyopasuka kwa mistari ya nusu duara ni dalili ileile. Kagua nyufa kwenye sikio la nyuma la upande wa mnyororo na kuzunguka pedalie.

Kisha jaribio la kamba. Funga kamba nyembamba kwenye sikio la nyuma la kushoto, izungushe mbele ya bomba la kichwa, irudishe hadi sikio la kulia, ikaze mpaka ilie ukiigusa. Pima kutoka kamba hadi bomba la wima, kushoto na kulia. Tofauti ya mm 1 si kitu, 2 inavumilika, ikizidi 3 nyuma imepinda. Chuma kinanyooshwa kikiwa baridi, na kutoka 120 kwenda 126 ni mm 3 tu kila upande. Nyoosha upande mmoja kwa wakati, pima, rudia. Chuma hurudi nyuma, kwa hiyo utakipitisha kidogo. Usibane mabomba kwenye jiliwa: shika kadre kwa pedalie.

Sasa magurudumu, kwani hapa ndipo wengi Lubumbashi huharibu. Rimu za kinga za makala (mkaa), zile za 28 × 1 1/2, zina kipenyo cha mm 635 pale tairi linapokaa. Kadre ya mashindano inataka 622. Tofauti ni mm 6.5 kutoka katikati hadi ukingo: tairi litagusa uma na mpira wa breki utabana chini ya rimu. Wapo wanaopiga uma nyundo ili tairi lipite. Tafuta rimu za 622, hata za mitumba, au acha kadre isubiri.

Kufungua vilivyoganda

Kikombe cha kulia cha pedalie kina hesi ya kushoto kwenye mfumo wa Uingereza, ulio wa kawaida kwenye kadre hizi: kinafunguka kwa kuzungusha kama saa. Anayekivuta upande wa pili anazidi kukikaza. Pima upana wa pedalie kwanza: mm 68 mara nyingi ni Uingereza, 70 ni Italia, ambayo vikombe vyote viwili hufunguka kinyume cha saa. Kikombe kipya chenyewe huwa kimeandikwa 1.37 × 24 au 36 × 24. Usilazimishe kimoja kwenye hesi ya kingine.

Kikombe cha Uingereza kikikataa, chukua bolti ya M16, ipitishe kutoka ndani ili kichwa chake kishike kikombe, weka washa nene nje na nati. Kaza nati kwa nguvu, uendelee kuizungusha kama saa. Ikishindwa kukaza zaidi, itazunguka na kikombe.

Kibomba cha kiti cha aluminiamu ndani ya chuma huganda kwa kutu yao wawili. Mwaga mafuta ya kupenya kutoka juu, kisha geuza kadre na umwage kupitia pedalie. Subiri siku tatu. Bana kibomba kwenye jiliwa na utumie kadre kama mkono, kidogo kushoto, kidogo kulia. Rakori ikianza kupasua rangi, simama. Njia ya mwisho ni soda kali ya watengeneza sabuni, ambayo huyeyusha aluminiamu na kukiacha chuma. Kata kibomba, ziba juu kwa mpira, geuza kadre, mimina maji yenye gramu 150 za soda kwa lita. Soda iingie kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda. Fanya nje, mbali na moto, kwa glavu na miwani, kwa kuwa hutoa gesi inayowaka na itabandua rangi popote itakapodondoka.

Kutu na rangi

Rangi ya asili ikiwa imebaki hata nusu, iache. Kadre yenye mikwaruzo na stika zake ina thamani kuliko mpya isiyo na jina. Safisha, zuia kutu kwenye majeraha, basi.

Kwa kutu, changanya gramu 60 za asidi ya sitriki kwa lita ya maji, uloweke kadre kwenye beseni kubwa au uizungushie vitambaa vilivyolowa na kufunika kwa plastiki. Angalia baada ya saa 6, usipitishe 24. Suuza kwa maji yenye bikarbonati, ukimwaga pia ndani ya mabomba kupitia vitundu, kisha anika matundu yakitazama chini. Kromu isugue kwa foili ya aluminiamu na maji, msasa utaimaliza.

Ukilazimika kupaka upya, tumia msasa wa 240 kisha 400, kwa mkono. Ziba hesi zote na mahali pa vikombe vya kichwa. Praima ya epoksi ya magari, tabaka mbili nyembamba, siku moja kati yake na rangi. Kiangazi ndicho msimu wake, lakini asubuhi za Juni na Julai ni baridi mno na rangi hulia: anza saa nne, lowesha sakafu ili vumbi lilale, maliza kabla ya jioni.

Ufa kwenye rakori huungwa kwa fedha au shaba ya manjano na moto wa gesi, na mtu aliyezoea mabomba membamba.

Ndani ya kadre mimina nusu kikombe cha mafuta ya kitani yaliyochemshwa, zungusha kila upande, acha yachuruzike usiku kucha. Matambara yaliyoyafyonza yatandaze nje. Yakikunjwa hujiwasha yenyewe.

Kufunga: pedalie hula gololi 22 za mm 6.35, yaani 11 kila upande, na grisi ya kutosha. Kabla ya kununua gololi na vikombe vya kichwa, pima kiti cha kikombe kwenye uma: 26.4 au 27.0. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, lakini kikombe cha 26.4 kikigongwa juu ya 27.0 hupasuka, na cha 27.0 juu ya 26.4 kitagonga kila ukishika breki. Baada ya kilomita 100 za kwanza kaza tena vikombe na bolti za mikono ya pedali.