Mzazi Asilale na Baridi kwa Sababu ya Bili: Kwa Wenye Wazee Minnesota

Januari moja nilifika kwa mama, Brooklyn Park, hapa Minnesota, Marekani, nikamkuta ameketi jikoni na koti la kutokea nje, kitambaa kichwani, kanga mbili magotini. Themostati ya ukutani, kifaa cha kupangia joto la nyumba, ilikuwa kwenye nyuzi 60 za Farenhaiti, kama 16 za Selsiasi. Nikamuuliza kulikoni.

"Mwanangu, bili ya mwezi huu ni shilingi elfu ishirini na tatu. Hiyo si karo ya mtoto?"

Alikuwa amezigeuza dola 180 kuwa pesa ya Kenya, na hesabu yake ilikuwa sawa. Wazazi wetu wengi huku wanahesabu hivyo. Kila dola ya gesi wanaiona kama unga, dawa au mchango wa msiba nyumbani, kwa hiyo kitu cha kwanza wanachopunguza ni joto lao wenyewe.

Hilo usilikubali. Mwili wa mzee hautunzi joto kama wa kijana, na mara nyingi baridi humwingia kabla hajaihisi. Taasisi ya Taifa ya Uzee ya Marekani inashauri nyumba ya mzee isiwe chini ya nyuzi 68, na inaonya kwamba hata nyumba yenye nyuzi 60 hadi 65 inaweza kushusha joto la mwili wake hadi kiwango cha hatari. Utasikia watu wakishauriana kushusha themostati usiku kwa nyuzi 7 hadi 10. Sisi wenye nguvu tufanye. Kwa mzee, achana nao. Weka 68, halafu pesa uitafute kwingine.

Pa kuanzia ni msaada ambao familia nyingi hazijawahi kuuomba. Minnesota kuna mpango uitwao Energy Assistance, unaolipiwa na serikali kuu, kwa nyumba ambayo mapato yake hayazidi nusu ya mapato ya kati ya jimbo, yaani kile kiwango ambacho nusu ya nyumba hupata zaidi yake na nusu hupata chini yake. Si mkopo. Kwa kawaida pesa huenda moja kwa moja kwa kampuni ya gesi au stima, na aliyepanga nyumba anaweza kuomba pia, si mwenye nyumba pekee. Omba mapema, tangu Oktoba, kwa sababu fungu lina mwisho. Andaa bili ya karibuni, namba za kitambulisho za wanaoishi humo na uthibitisho wa mapato. Kama hujui ofisi ya kaunti yako, piga 211 na uombe mkalimani wa Kiswahili. Wenye mzazi aliyekuja kwa viza ya matembezi, ongeeni kwanza na wakili wa uhamiaji kabla ya kumwandikisha popote.

Ukiomba huo, uliza na ule wa kuziba nyumba, Weatherization. Ulianza mwaka 1976, na wenye miaka 60 na zaidi hupewa kipaumbele. Mafundi hupima nyumba inapovuja, wakaweka sufi ya kuzuia baridi darini, wakakagua mashine ya kupashia joto, bila malipo kwa anayestahili. Foleni yaweza kuwa ndefu. Jiandikishe tu.

Na kama bili imeshalimbikizana, kuna sheria iitwayo Cold Weather Rule, inayomlinda mteja asikatiwe joto kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30. Lakini haifanyi kazi yenyewe. Lazima upige simu kwa kampuni, mkubaliane kiasi cha kulipa kila mwezi, na ukilipe. Wazee wetu huona haya kupiga simu hiyo. Keti naye, muipige pamoja. Hapo hapo omba bili igawanywe sawasawa kwa miezi 12, ili Januari isimshtue.

Sasa nyumba yenyewe. Subiri siku ya upepo, washa kijiti cha udi, ukipitishe taratibu pembeni mwa madirisha, chini ya milango, na kwenye soketi za kuta za nje. Moshi ukipanda wima, pako salama. Ukilala au kuyumba, hapo ndipo dola zinapotokea. Kwa mama moshi ulilala kabisa kwenye mlango wa nyuma. Alishona mfuko mrefu wa kanga kuukuu, akaujaza mchele, akaulaza chini ya ule mlango, na baridi ya miguuni ikakoma jioni ile ile. Madirisha tuliyafunika kwa ile plastiki nyembamba ya dukani, inayobandikwa kwenye fremu kisha ikakazwa kwa mashine ya kukaushia nywele. Badilisha pia chujio la mashine ya joto, sogeza kochi lisizibe matundu ya hewa ya moto, na hita ya maji iweke nyuzi 120 za Farenhaiti. Maji yatatosha, na mzee hataungua kirahisi.

Wengi hukimbilia hita ndogo ya stima. Hesabu kwanza: hita ya wati 1,500 ikiwaka saa 8 inakula uniti 12, na ukikadiria senti 15 kwa uniti, ni dola 1.80 kwa usiku, dola 54 kwa mwezi. Blanketi la stima hutumia wati 100 hivi. Kama mzee lazima awe na hita, ikae futi 3 mbali na pazia na kitanda, ichomekwe ukutani na si kwenye waya wa kuunganishia, na izimwe anapolala.

Jiko la mkaa lisiingie ndani ya nyumba hata kwa dakika kumi. Nyumba za huku zimefungwa kila upande, na kaboni monoksaidi, hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa unaowaka, haina rangi wala harufu. Wala ovuni isiachwe wazi ili kupasha jikoni joto. Sheria ya Minnesota inataka king'ora cha hewa hiyo kiwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala; kibonyeze usikie kama kinalia.

Mwambie pia kwamba kampuni ya kweli haidai kulipwa kwa kadi za zawadi za dukani. Akipigiwa simu na kutishwa kwamba stima inakatwa baada ya nusu saa, akate, akupigie wewe.

Mimi siku hizi simuulizi mama kama ana baridi, kwa sababu jibu lake nalijua. Nikimpigia kwa video asubuhi namwambia, "Mama, hebu geuza simu ukutani." Ananung'unika kidogo, anainuka, anaelekeza kamera kwenye themostati. Nikiona 68, ndipo tunaanza salamu.