SOMO: Kulinganisha gazeti la karatasi na tovuti yake (nalieleza mara ya mwisho)

Wakuu, habari za jioni. Nimeulizwa jambo hili mpaka nimechoka. Msimu wa tafiti za vyuo ukifika tu, simu yangu inajaa: "Kaka, hivi gazeti la mezani na la mtandaoni unalinganishaje?" Leo naandika mara moja. Atakayeuliza tena nampa kiungo, tusilaumiane. Niliwahi kuwa msahihishaji wa prufu kwenye gazeti moja hapa Dar, kwa hiyo mengi ya haya nimeyaona usiku, kurasa zikiwa bado zinapigwa danadana.

1. Chagua gazeti moja. Moja.

2. Nunua nakala yako, usiazime. Andika kwa kalamu juu ya ukurasa wa mbele siku na saa uliyoinunua. Halafu ifiche. Mimi yangu niliyapanga chini ya kitanda, shangazi akayaona, akajua ni ya kufungia maandazi. Jumatano yangu nzima ilikwenda na wateja.

3. Usichukue siku saba mfululizo. Ukiangukia Juni, wakati wa bajeti kule Dodoma, utadhani gazeti halijui kitu kingine duniani. Chukua Jumatatu ya wiki hii, Jumanne ya wiki ijayo, Jumatano ya wiki inayofuata, hivyo hivyo mpaka upate juma zima la kuunga.

4. Saa. Hapa tulia, maana hapa ndipo nilipoumbuka.

Gazeti la Jumanne haliandikwi Jumanne. Kurasa zinafungwa Jumatatu usiku, mtambo unachapa, alfajiri magari yanasambaza. Ukilinunua saa kumi na mbili na nusu asubuhi pale Posta, unasoma Jumatatu. Tovuti nayo ilishapandisha sehemu ya habari hizo jana yake mchana au jioni. Mimi nililaza gazeti la Jumanne kando ya tovuti ya Jumanne, nikahesabu habari 31 kwenye karatasi na 12 tu mtandaoni, nikaandika kwa mbwembwe kwamba tovuti "inawanyima wasomaji zaidi ya nusu ya habari". Msimamizi wangu, mama mmoja mpole sana, alichukua simu yake, akaandika nukuu kutoka habari mojawapo niliyodai haipo. Ikatokea: Jumatatu, saa kumi na moja jioni. Akaandika ya pili. Ikatokea. Akanirudishia karatasi zangu bila neno. Bora angenigombeza.

Kwa hiyo: dirisha la tovuti, yaani muda unaokusanya habari zake, lianze asubuhi ya siku iliyotangulia, liishie saa sita mchana wa siku iliyoandikwa kwenye gazeti. Ukiona dirisha lako halikutoshi, lipanue, lakini lipanue kwa siku zote, siyo kwa ile inayokusumbua tu.

Onyo: habari ya mtandaoni haitulii. Asubuhi majeruhi ni watatu, jioni ni watano, kichwa kimebadilishwa, aya imeongezwa, na kiungo ni kile kile. Ukurasa unaoufungua baada ya wiki mbili sio ule uliosomwa siku ile. Uhifadhi siku hiyo hiyo kwa PDF, tarehe na anwani vionekane. Kisha upeleke kwenye Wayback Machine, ile hifadhi ya kurasa za mtandao, wakuhifadhie wao pia.

Onyo jingine, na hili limewaangusha wengi: saa za Wayback Machine ni za GMT, sisi tuko mbele kwa saa tatu. Kwenye anwani ya ukurasa uliohifadhiwa kuna tarakimu 14: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde. Ukikuta 20240312213000, usiandike Machi 12. Ile 21:30 ukiiongezea tatu ni saa sita na nusu usiku, tayari ni Machi 13 hapa kwetu. Na mtu akikwambia "imetoka saa tatu", muulize ni saa tatu yetu au 03:00 ya kompyuta. Nimeona jedwali la mtu mwenye akili zake timamu likiwa na saa za aina mbili kwenye safu moja.

5. Kutafuta pacha wa habari, yaani habari ile ile upande wa pili, usitumie kichwa, vichwa hubadilishwa. Chukua maneno sita au saba ya nukuu ya mtu ndani ya habari, yafunge kwa alama za nukuu, tafuta.

6. Urefu pima kwa maneno. Sentimita za safu hazina pacha kwenye simu. Hesabu maneno kwenye sentimita tano za safu, gawanya kwa tano, zidisha kwa urefu wote. Upande wa tovuti nakili maandishi, toa maelezo ya picha na vile vistari vya "soma pia", ndipo uhesabu.

7. Andika habari ilikaa wapi. Iliyoanza uk. 1 na kuendelea uk. 4 ni habari moja. Moja, jamani.

8. Zisizo na pacha usizitupe, utamu uko humo. Zabuni, notisi za mahakama, tanzia, barua za wasomaji, katuni: tazama zipi zimebaki karatasini. Upande wa pili kuna video, maoni ya wasomaji, na habari za saa nne usiku ambazo mtambo haukuzingoja. Mimi tanzia zilinishangaza. Ukurasa mzima wa nyuso na majina ya ukoo, "marehemu ameacha mke, watoto na wajukuu", na kwenye tovuti ile hapakuwa na hata mstari. Hakuna aliyeficha kitu. Ni tangazo la kulipiwa, na familia ililipia karatasi.

Maswali chini.

Jobu wa Temeke: Mkuu ni ndefu sana, nifupishie.

Mwandishi: Hatua ya 4.

binti_kigamboni: Asante kwa somo. Mimi nimejiunga na gazeti la kidijitali, lile unalofunua kurasa kwenye simu. Si ndio la mtandaoni hilo?

Mwandishi: Hapana dada, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuanza. Hilo ni karatasi iliyopigwa picha: kurasa zile zile, matangazo yale yale. Ukililinganisha na la mezani utapata kwamba vinafanana kwa kila kitu, na utakuwa umelinganisha kitu na kivuli chake. Ila lihifadhi, litakufaa shangazi akipita.

Mtafiti Mtarajiwa: Bro nitumie tu ile data yako uliyokusanya, nibadilishe tarehe.

Mwandishi: Hapana.

Mtafiti Mtarajiwa: Roho mbaya.

Mwandishi: Sawa.

Mwl. Kimara: Naomba kujua kwa nini vichwa vinatofautiana kiasi hicho. Habari moja, mwandishi mmoja, vichwa kama vya magazeti mawili.

Mwandishi: Swali zuri, mwalimu. Kwanza, mara nyingi kichwa hakiwekwi na mwandishi wa habari, kinawekwa na mhariri aliyeketi mbele ya ukurasa. Karatasini anapewa nafasi: safu tatu, mistari miwili, herufi za ukubwa fulani. Nimekaa na mhariri dakika kumi tukitafuta pa kupunguza herufi nne, mwisho "wananchi" wakawa "watu" na kikaenea. Tena kichwa cha karatasi hakisimami peke yake, kina picha pembeni na maneno madogo juu yake. Kinasomwa na mtu aliyesimama mbele ya meza ya magazeti akingoja mwendokasi, anayeona ukurasa mzima kwa mkupuo. Cha mtandaoni kinapita kwenye simu peke yake, na lazima majina yawemo ili anayetafuta akipate. Mfano wa kutunga: mezani utakuta "Maji ya usiku", na picha ya ndoo. Mtandaoni: "Wakazi wa Kimara waeleza wanavyoamka saa nane usiku kusaka maji". Usiite huo upotoshaji. Pima urefu, uone kama kuna jina la mtu au la mahali, uone kama kuna fumbo.

Mwl. Kimara: Hiyo ya fumbo sikuifikiria. Naanza nayo.

Kalamu Nyeusi: Umekosea mkuu. 21:30 ni saa tatu na nusu usiku, mtoto wa darasa la pili anajua.

Mwandishi: Ya GMT. Kabla hujanisahihisha soma sentensi ya kwanza ya onyo lile, niliiweka kwa makusudi.

Mnazi Mmoja: Sampuli yangu inagusa Oktoba 2024 na naona tovuti ya Mwananchi ina pengo. Nimekosea kutafuta?

Mwandishi: Hujakosea. Mwanzoni mwa mwezi ule TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilisimamisha kwa siku 30 leseni za maudhui ya mtandaoni za Mwananchi Communications. Karatasi iliendelea kuuzwa, maana yenyewe inapewa leseni kwa Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, ya mtandaoni ina kanuni zake na mlango wake. Usiandike sifuri kwenye siku hizo, andika kwamba hapakuwa na kitu cha kulinganisha. Sifuri maana yake walikuwepo wakaacha habari. Na ukiamua kuuchunguza mwezi huo peke yake, karatasi bila tovuti, mimi ningeusoma utafiti wako hadi nukta ya mwisho.

Sista D: Nakala za karatasi za miaka ya nyuma nazipata wapi?

Mwandishi: Anzia Maktaba Kuu ya Taifa, ile ya Bibi Titi Mohamed iliyofunguliwa Desemba 1967. Ulizia majalada ya magazeti, nenda mapema, beba kitambulisho. Chuo Kikuu pale Mlimani nako uliza East Africana, mkusanyo wa maktaba yao wa machapisho ya Afrika Mashariki. Ukiruhusiwa kupiga picha, zima flashi na simama karibu na dirisha. Karatasi ya gazeti la zamani ikikunjwa inakatika, basi funua jalada zima, usivute kona.

Jobu wa Temeke: Zile picha za kurasa za mbele zinazorushwa kwenye magrupu kila asubuhi nazo zinahesabika?

Mwandishi: Umesoma hatua ya 4?

Jobu wa Temeke: Nimesoma. Kweli.

Mwandishi: Basi nikujibu vizuri. Hazihesabiki kama toleo la mtandaoni, ni ukurasa mmoja wa karatasi unaotembea. Ila zinafaa kitu kimoja: siku uliyokosa kununua, zinakuonyesha habari ipi ilibeba gazeti. Hakikisha tarehe iliyochapwa juu inasomeka, watu wanarusha ya wiki iliyopita bila haya.

binti_kigamboni: Samahani, nje ya mada. Shangazi bado anauza maandazi?

Mwandishi: Anauza, Sinza, kabla ya saa moja asubuhi. Magazeti nimemkataza, nenda na chombo chako.