Kushona Mablanketi ya Vitenge kwa Watoto Wenye Magonjwa Mazito

Mtoto mwenye saratani ya damu ya aina inayowapata watoto wengi zaidi hutibiwa kwa muda wa miaka miwili hadi mitatu, na katika muda huo hulazwa, huruhusiwa, hurudi kliniki na kulazwa tena, hata wodi ikawa sehemu ya utoto wake. Kwa hiyo kikundi cha kujitolea kinachotaka kumshonea blanketi hakina budi kuanza na swali moja kabla ya kuchagua rangi wala mtindo: je, blanketi hili litastahimili kufuliwa kwa maji ya moto juma baada ya juma, na baada ya kila kufuliwa likarudi kitandani likiwa safi, kavu na zima? Blanketi la kupendeza lisilofulika humletea hatari mgonjwa ambaye dawa zimekwisha kupunguza chembechembe nyeupe za damu yake, na karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na swali hilo.

Kazi yenyewe ina historia. Nchini Marekani, Karen Loucks alianzisha shirika la Project Linus katika jimbo la Colorado mwaka 1995, baada ya kusoma gazetini habari za mtoto wa kike mwenye saratani ya damu ambaye alikuwa na blanketi lake wakati wote wa matibabu. Matawi ya shirika hilo huendeshwa na watu wa kujitolea, nao hushona na kufuma mablanketi mapya yanayofulika, kisha huyatoa bila malipo kwa watoto wagonjwa na walio katika dhiki. Sisi wa Afrika Mashariki tuna vitenge vya pamba vinavyodumu, na karibu kila mtaa una fundi cherehani ambaye hutupa vipande vyema kila jioni, hivyo malighafi si kikwazo. Kinachohitajika zaidi ni uangalifu.

Kwanza zungumza na wodi

Kabla ya kukata kipande cha kwanza, mmoja wenu aende kwa muuguzi msimamizi wa wodi ya watoto, au kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, aulize kama mablanketi yatapokewa, watoto ni wa umri gani, na ni nani atakayeyafua: dobi la hospitali, au mama wa mtoto kwenye beseni. Jibu la swali hili la mwisho lina uzito mkubwa, kwa kuwa blanketi zito la tabaka tatu halikauki upesi kwenye kamba ya uani, na mama anayemuuguza mtoto hana muda wa kulishughulikia siku mbili.

Uliza pia kuhusu baridi. Watu hudhani kwamba Dar es Salaam au Mombasa mtoto hahitaji kufunikwa, lakini mtoto aliyepungukiwa damu, au aliyewekewa dripu katika chumba chenye kiyoyozi, hutetemeka hata mchana wa Februari. Watoto wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, wana sababu nyingine ya kufikiriwa, kwani kupigwa na baridi ni mojawapo ya mambo yanayoweza kuamsha maumivu makali ya ugonjwa huo, na Tanzania ni miongoni mwa nchi duniani ambako watoto wengi zaidi huzaliwa nao. Kwa mwambao, vitambaa viwili vya pamba vilivyoshonwa pamoja vinatosha. Kwa Njombe, Mbeya, Arusha au Limuru, weka tabaka la katikati.

Vitambaa

Kitambaa kiwe cha pamba na kiwe kipya, na masalia ya fundi yanakubalika kwa sababu hayajavaliwa na mtu. Sokoni kuna vitenge vingi vya polista vinavyofanana kabisa na vya pamba, basi chomoa nyuzi chache pembeni uziwashe juu ya sahani: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, ilhali polista huyeyuka na kuganda kama tone gumu. Usichanganye vitambaa vya aina hizo mbili juu na chini ya blanketi moja, kwa kuwa pamba hurudi inapofuliwa na polista hairudi, na kwa sababu hiyo mishono hujikunja.

Loweka vitambaa vyote usiku kucha, kisha vifue kwa maji ya moto hadi wanga wa kiwandani utoke na maji yabaki maangavu. Rangi nyekundu, buluu iliyoiva na nyeusi zichunguzwe peke yake: weka kitambaa cheupe chenye unyevu juu ya kipande, pitisha pasi ya moto, na ukiona rangi imehamia, kifue tena au kiache kabisa. Blanketi linalochuja litaharibu mashuka ya hospitali, na dobi hatalipokea mara ya pili.

Kuhusu tabaka la katikati, nawasihi sana wenzangu msitumie usufi wala sponji. Usufi hujikusanya mabonge na kutoa vumbi, na sponji hushika maji ndani hata pale juu panapoonekana pakavu, nako ndani kukaota ukungu, ambao mtoto mwenye kinga hafifu hawezi kupambana nao. Flana ya pamba hufaa, au pamba ya polista iliyotengenezwa kwa mfano wa shuka, ambayo huuzwa kwa mita madukani kwa watengenezaji wa makochi.

Kanga ni laini na watoto huipenda, lakini soma maandishi yake kabla ya kuikata, kwa maana kanga nyingi zimebeba mafumbo ya wivu au ya kumsema jirani, ambayo hayana nafasi juu ya kitanda cha mtoto. Kitambaa cheupe kitupu tukiepuke vilevile, kwa kuwa mzazi aliye katika hofu akimwona mwanawe amefunikwa nguo nyeupe mpya huikumbuka sanda, na hilo hatuna ruhusa ya kumfanyia.

Vipimo na kushona

Blanketi la sentimita 100 kwa 140 humfaa mtoto wa kuanzia miaka mitatu hadi kumi hivi. Kata miraba 35 yenye upande wa sentimita 22, uipange mitano kwa upana na saba kwa urefu, na uache sentimita 1 ya mshono kila upande. Washonaji wazoefu wa mablanketi ya mapambo huacha pungufu ya hapo, lakini mshono mwembamba hufumuka unapofuliwa mara nyingi, kwa hiyo usibanie. Ipange miraba yote sakafuni juu ya shuka safi kabla ya kushona, ili vipande vya rangi moja visikusanyike mahali pamoja, na mnapokwisha kukubaliana, kila safu iandikiwe namba kwenye karatasi ndogo.

Shona safu moja moja kwa uzi imara wa polista, mshono uwe wa milimita 2 na nusu hivi, na urudishe cherehani nyuma mwanzoni na mwishoni. Piga pasi mishono ya safu ya kwanza kuelekea kulia, ya pili kuelekea kushoto, na kuendelea hivyo hivyo, kwa kuwa safu zitakapounganishwa, mikunjo itapishana badala ya kulundikana, na pembe za miraba zitakutana sawasawa. Ukimaliza utakuwa na kitambaa cha sentimita 102 kwa 142.

Kitambaa cha chini kikatwe sentimita 112 kwa 152, ili kizidi kwa sentimita 5 kila upande. Vitenge vingi vina upana wa sentimita 115 hivi, kwa hiyo kipande kimoja chatosha bila kuungwa, nalo ni jambo jema, kwa sababu mshono katikati ya mgongo humsumbua mtoto aliyelala muda mrefu. Kitandaze uso ukiangalia sakafu, weka juu yake tabaka la katikati kama lipo, kisha kitambaa cha miraba kikiangalia juu. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa mkono kuanzia katikati kwenda pembeni, kamwe si kuanzia pembeni kwenda katikati, kwa sababu ukianzia pembeni hewa na makunyanzi hunaswa katikati na hayatoki tena.

Hatua inayofuata ndiyo inayoamua maisha ya blanketi. Pitisha cherehani juu ya tabaka zote, ufuate kila mshono wa miraba, kisha ushone pia katikati ya kila mraba mstari mmoja wa wima na mmoja wa kulala, hivi kwamba pasiwe na eneo lililo wazi zaidi ya sentimita 10. Wapo wanaopenda kufunga mafundo ya uzi badala ya kushona mistari kwa sababu ni haraka. Kwa mtoto mdogo siyashauri, maana mafundo hufunguka na kuingia mdomoni. Mistari ikiwa karibu karibu, tabaka la katikati halitahama hata likifuliwa mara mia, na ndiyo maana kazi hii isiharakishwe hata kama foleni ya vitambaa ni ndefu.

Mwisho, punguza tabaka la katikati lilingane na kitambaa cha juu, kunja ziada ya kitambaa cha chini mara mbili ije juu, na uishone kuzunguka kwa mistari miwili ya cherehani. Pindo la namna hii halihitaji utepe wa ziada na halifumuki upesi.

Wanaofuma kwa kulabu wana nafasi yao pia, mradi nyuzi ziwe laini za akriliki zinazofulika kwa mashine, matundu yawe madogo kuliko kidole cha mtoto, na pasiwe na mashada ya kuning'inia. Kidole, au mrija wa dripu, ukinaswa kwenye tundu, kanula, yaani mrija mdogo uliochomekwa mshipani, huweza kung'oka, na mtoto akachomwa sindano upya.

Yasiyowekwa

Vifungo, shanga, utepe wa kupamba, nembo za plastiki na kitu chochote kinachoweza kung'olewa na mtoto visiwepo. Manukato yasiwepo pia, hata yale ya sabuni, kwa kuwa tibakemikali, yaani dawa kali za kutibu saratani, huwafanya watoto wengi wachefuliwe na harufu ambazo sisi tunaziona nzuri. Asivute mtu sigara karibu na kazi, na paka asilalie vitambaa. Aliye na mafua au kikohozi apumzike siku hiyo.

Kwa watoto wachanga kuna tahadhari ya pekee: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilazwe usingizini na blanketi lisilobanwa bila mtu kumwangalia, kwani laweza kumfunika pua. Kwao shoneni vipande vidogo vya sentimita 75 kwa 90 na mmweleze muuguzi kwamba ni vya kumlazia au kumbebea akiwa macho, naye ataamua. Kwa vijana wa miaka kumi na miwili hadi kumi na minane, ambao vikundi vingi huwasahau kwa sababu michoro ya wanyama hurahisisha kazi, shoneni sentimita 120 kwa 160 kwa rangi zilizotulia, na mjue kwamba kitambaa cha chini cha ukubwa huo kitahitaji kuungwa. Mshono wake uweke upande mmoja, mbali na katikati.

Ukaguzi

Anayekagua asiwe yule aliyeshona. Avute kila mshono kwa mikono miwili, apitishe kiganja pande zote, kisha apitishe sumaku polepole juu ya blanketi zima, kwa maana pini moja iliyosahaulika ndani ni jeraha. Pini zihesabiwe kila siku kabla na baada ya kazi, na sindano ya cherehani ikivunjika, vipande vyake vyote vipatikane kabla ya kuendelea.

Kisha fua blanketi lililokamilika kwa sabuni isiyo na harufu, kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi, na ulianike juani hadi likauke kabisa. Likikauka, lipigwe pasi ya moto pande zote mbili hata kama limenyooka, kwa sababu yupo nzi katika nchi zetu anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa nje, na mabuu wake huingia ndani ya ngozi. Joto la pasi huyaua mayai hayo. Likunjwe likiwa limepoa na kutiwa ndani ya mfuko safi pamoja na karatasi inayotaja vipimo, aina ya kitambaa na namna ya kulifua. Mfuko wa plastiki uondolewe kabla blanketi halijamfikia mtoto.

Kulikabidhi

Blanketi moja ni la mtoto mmoja, na anaondoka nalo akiruhusiwa. Lisipitishwe kwa mwingine, kwa ajili ya maambukizi na pia kwa ajili ya haki yake ya kuwa na kitu kisichorudishwa stoo. Acheni nafasi pembeni ya kitambaa cha chini ambapo mzazi ataandika jina kwa kalamu isiyofutika, na msiandike ninyi ujumbe wowote unaotaja ugonjwa au kuahidi kupona. Wapeni wauguzi wagawe wao, wanaojua ni nani aliyetoka kwenye upasuaji na ni nani asiyetaka wageni leo. Msiombe kupiga picha za watoto, hata kama wafadhili wanazidai. Wafadhili waonyesheni mablanketi.

Kundi la kwanza liwe dogo. Pelekeni mablanketi matatu, yatumike na kufuliwa wodini kwa mwezi mzima, kisha mrudi kwa muuguzi muyatazame pamoja naye: wapi mshono umelegea, rangi ipi imechuja, kama yalichelewa kukauka, na kama watoto waliyavuta kujifunika au waliyasukuma pembeni. Rekebisheni vipimo na vitambaa kufuatana na mtakayoyaona, ndipo muanze kukata miraba kwa wingi.