Jinsi ya Kupangua Bajeti ya Serikali Janga Linapoingia: Mfano wa Kenya, 2020

Mwaka wa fedha wa Kenya huanza Julai 1 na kufungwa Juni 30. Kisa cha kwanza cha korona kilithibitishwa Machi 2020, karibu robo tatu ya mwaka huo wa fedha ikiwa imeshaliwa. Mahesabu yote ya hapa chini yanaanzia hapo.

Hatua ya 1: Shusha makadirio ya mapato. Wengi hukimbilia matumizi. Mimi huanza huku. Hoteli zikifungwa, kodi hupungua hata sheria isipoguswa. Kisha toa gharama ya nafuu: VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14, kodi ya kampuni kutoka 30 hadi 25, na mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi akasamehewa kodi yote ya mshahara. Andika pia nafuu inakoma lini. VAT na kodi ya kampuni zilirudi palepale Januari 2021.

Hatua ya 2: Weka kando visivyokatika. Deni la taifa, pensheni, mishahara.

Hatua ya 3: Kata, lakini kata kilichopo. Hapa ndipo vijana wapya wa bajeti huumbuka, nami niliumbuka. Chora safu nne: kilichoidhinishwa, kilicholipwa, kilichoagizwa, salio. Tuseme safari na semina zilipewa milioni 40. 26 zimelipwa, 9 zina oda zilizotiwa saini. Hata ukiambiwa ukate robo ya fungu, yaani milioni 10, salio lako ni 5 tu. Mimi nilikata 10 kwenye karatasi, mkubwa wangu akasifu, na Juni mwenye ukumbi akaja na oda yake mkononi. Tukawa tumezalisha deni jipya wakati ule ule Rais alipokuwa ameagiza wizara zilipe angalau shilingi bilioni 13 za madeni ya wafanyabiashara.

Hatua ya 4: Tafuta ruhusa. Dharura haingoji Bunge, na Katiba inalijua hilo. Kifungu cha 223 kinaruhusu serikali kutumia kwanza, mradi isizidi asilimia 10 ya fedha Bunge lilizoidhinisha mwaka huo, na idhini iombwe ndani ya miezi miwili tangu fedha za kwanza zitolewe. Andika tarehe hiyo ya kwanza kwa kalamu nyekundu. Bajeti ya ziada ndiyo inayopeleka yote haya bungeni.

Hatua ya 5: Ziba pengo. Mapato mapya toa matumizi mapya. Nakisi inayobaki ni ya kukopa. Mei 2020 Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) liliidhinisha dola milioni 739 kwa Kenya. Zilikuwa mkopo, kwa hiyo usiziandike pamoja na misaada: marejesho yake yataingia kwenye vile visivyokatika vya Hatua ya 2.

Hatua ya 6: Fungua namba ya hesabu ya janga peke yake. Fanya hivyo kabla shilingi ya kwanza haijatoka. Barakoa zikiandikwa chini ya "vifaa vya ofisi", mkaguzi akija utakesha stoo ukipekua risiti.