Kupaka rangi magongo ya alumini yasibanduke

Binti mmoja wa Jang'ombe, hapa Unguja, alikuwa hataki kwenda harusini na magongo yake ya kiwiko, eti kila atakayemwona atamuuliza anaumwa nini. Nikamwambia achague kanga aipendayo, tuyapake rangi za pindo lake. Achague mwenyewe, si mama yake wala fundi.

1. Tia alama tundu la urefu analotumia, chomoa vipande, osha kwa sabuni, kausha.

2. Msasa na praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza. Kazi yote iko hapa. Alumini haishiki rangi. Ukiipaka hivi hivi itabanduka kama ganda la muhogo. Sugua kwa msasa namba 320 mpaka mng'aro uondoke wote, hata kwenye maungio. Kisha ziba kwa selotepu ya karatasi matundu, kitufe cha springi na lile bomba linaloingia ndani ya jenzake. Rangi ikiingia humo gongo halirefuki wala halifupiki, na kitufe kisipotokeza chote mtu ataanguka. Mpira wa chini na mshiko usiupake kabisa, utateleza. Futa vumbi kwa spiriti, na ukishafuta usiguse kwa vidole, vina mafuta. Piga praima ya alumini papo hapo, usiseme nile kwanza: alumini iliyosuguliwa hujivika utando mpya mara tu ikipata hewa. Dukani wakikupa praima nyekundu ya chuma, ikatae, hiyo ni ya mageti. Na masika usijaribu. Unyevu huifanya spreyi ipige ukungu mweupe. Mimi hungoja kaskazi, asubuhi umande ukishakauka, nje kivulini, na barakoa usoni.

3. Spreyi, tabaka nyembamba tatu.

4. Maua. Mwite fundi wa kupaka piko wa mtaani, yule anayewachora maharusi, umpe brashi nyembamba na rangi ya mafuta. Stika za sokoni Darajani sizitaki: kingo zinainuka, zinashika uchafu. Yakikauka, piga vanishi.

5. Unganisha kwenye tundu lile lile, sikiliza kitufe kilie, ndipo asimame nayo.

Wengine huniletea fimbo nyeupe ya asiyeona. Hiyo siipaki, kwani dereva huitambua kwa weupe wake. Napamba kamba ya mkononi tu, kwa shanga.